Nani analipa mama wa kusindikiza? Historia fupi ya kuzaa kwetu Haut-Lomami



Wengi wenu mnanijua kwa habari za mahindi na mihogo, na leo mtasema: huyu mtu wa kilimo anatafuta nini katika materinite? Subirini kidogo. Swali langu ni la historia na la makuta, na mbele kidogo mtaona kwamba shamba nalo limo ndani.

Swali ni hili. Mwanamke akishikwa na uchungu anahitaji watu wawili. Wa kwanza ni mzalishaji, mwenye kujua kupokea mtoto, kusimamisha damu na kutambua saa ya kutuma mgonjwa lupitalo kubwa. Wa pili ni yule anayekaa naye tu. Anamshika mgongo, anampa maji, anamwambia "vumilia, niko hapa". Anamwuliza muuguzi lile swali ambalo mwenye uchungu anaogopa kuuliza. Kesho yake anapita nyumbani kuangalia kama mtoto ananyonya na kama mama hana homa.

Huyo wa pili, Wamarekani na watu wa Ulaya wanamwita dula. Kwetu hana jina moja. Ni kambo, mama mkwe, shangazi, jirani, mama wa kanisa. Akifika lupitalo tunamwita garde-malade, anatandika kikwembe chini karibu na kitanda, na hakuna anayemwandika popote. Humu nitamwita mama wa kusindikiza, maana kusindikiza njo kazi yake.

Mzalishaji analipwa, hata kama ni kidogo na kwa kuchelewa. Mama wa kusindikiza halipwi. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba jambo hilo halikuja lenyewe kama mvua. Lina historia, na historia hiyo inatufundisha nani anazaa salama na nani hapana.

Bakuli mbele ya mlango

Tuanze mbali. Katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, kuna sanamu ya mbao ya mwanamke wa Kiluba ameshika bakuli. Uso ni mrefu, mashavu yameingia ndani, kama mtu aliyechoka sana. Fundi aliyeichonga anaitwa na wataalamu Bwana wa Buli, kwa jina la kijiji cha Buli kilicho kaskazini ya huku, kwa sababu jina lake mwenyewe halikuandikwa. Mbelgiji Frans Olbrechts njo alionyesha, kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, kwamba sanamu kadhaa za namna hiyo zilitoka katika mkono mmoja.

Wazungu wa kwanza waliokusanya sanamu za bakuli waliziita "mwombaji". Maelezo yao yalikuwa hivi: mwanamke akikaribia kuzaa hawezi tena kulima wala kubeba maji, basi sanamu inawekwa mbele ya mlango wake, na kila mwenye kupita anatia kitu ndani ya bakuli. Baadaye watafiti Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kazi yao ya mwaka 1996 juu ya sanaa na kumbukumbu ya Baluba, walieleza kwamba bakuli hilo, mboko, lilikuwa kwanza chombo cha waganga wa kubashiri na cha wakubwa, na ndani yake kulikaa pemba, ule udongo mweupe.

Mimi si mtu wa makumbusho, siwezi kukata kesi hiyo. Lakini wazo lililomo katika maelezo ya kwanza si geni kwa mtu aliyekulia huku: mwanamke aliye karibu kuzaa ni deni la jirani zake wote. Wazee wanasimulia kwamba mama mzee aliyekesha na mzazi hakurudi kwake mikono mitupu. Alipewa kuku, unga, kikwembe, au vijana wa nyumba ile walikwenda kumlimia siku moja. Kwa lugha yetu ya leo tungesema kazi ile ilikuwa na mfuko wake. Mfuko ulikuwa mdogo, lakini ulikuwapo, na kila mtu alijua nani anaujaza.

Sitaki mtu aseme namsifu kila kitu cha zamani. Wamama wengi walikufa katika nyumba zile, kwa damu na kwa mtoto aliyekaa vibaya, na kambo hakuwa na la kufanya. Ninachosema ni kwamba mkono wa kusindikiza ulikuwa na thamani inayojulikana. Tuangalie sasa thamani hiyo ilipotelea wapi.

Kampuni inahesabu watoto

Miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na tatizo la wafanyakazi. Iliwaandika vijana kutoka mbali, Lomami na Kasai wakiwemo, kwa muda mfupi, kisha wanarudi kwao, wanakimbia au wanakufa. Kuanzia karibu mwaka 1928 kampuni ilibadilisha siasa: mtu aje na bibi yake, akae miaka, watoto wazaliwe kambini. Watoto hao wangekuwa wafanyakazi wa kesho.

Kwa hiyo kampuni ilianza kulipia uzazi. Wanawake wenye mimba na wenye kunyonyesha walipewa posho ya chakula. Kulikuwa na kupimwa mimba, materinite, masista, mizani ya watoto. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo, aliandika juu yake mwaka 1946 kwa fahari. Na kweli, watoto wengi waliishi ambao pengine wasingeishi.

Mwaka 1928 huohuo, reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, wakati ule Port-Francqui, ilifunguliwa, na Kamina yetu ikawa mji wa reli. Kambi za wafanyakazi wa reli nazo zilifuata njia ileile: nyumba ya kampuni, posho ya kampuni, dawa ya kampuni.

Angalia lakini kitu kilichobadilika bila mtu kukitangaza. Posho ilihesabiwa kwa mfanyakazi, bibi yake na watoto wake. Kambo hakuwamo katika hesabu hiyo. Alibaki kijijini, na kukaa kwa mgeni kambini kulihitaji ruhusa. Bibi aliyezalia kambini alipata kitanda, sabuni, muuguzi na unga, na alipoteza mkono uliokuwa unamshika mgongo. Kampuni ililipia kile ilichoweza kuhesabu. Kitanda kinahesabika, mtoto aliyezaliwa anahesabika, kilo za mtoto zinahesabika. Saa kumi na mbili za usiku ambazo mama mzee amekaa chini na mzazi, nani atazihesabu?

Nje ya kambi, katika vijiji vya Kabongo, Malemba-Nkulu na Bukama, hata kitanda hakikuwapo kwa wengi. Huko serikali ya koloni ilikuwa na haraka nyingine. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu kulazimisha watu kulima, hadi siku 60 kwa mwaka, na pamba ikawa jina la sheria hiyo katika vijiji vingi. Hapa mtu wa kilimo anaomba neno. Koloni lilijua vizuri kumlipa mtu mwenye kutembea kijiji kwa kijiji, mlango kwa mlango, kuangalia kama mbegu zimeingia katika udongo. Tuliwaita maalimu wa shamba, na kazi yao ilikuwa na mshahara. Kwa hiyo wasituambie kwamba kulipa mtu wa kufuata watu majumbani kwao ni wazo jipya au gumu. Lilifanyika kwa pamba.

Majengo mengi, mkono hakuna

Baada ya vita, hela ziliongezeka. Mwaka 1947 Ubelgiji uliunda Fonds du Bien-Être Indigène, mfuko uliojazwa na fedha Ubelgiji ilizorudishia Kongo kwa gharama za vita na fedha za bahati nasibu ya koloni. Mwaka 1949 ukaanza mpango wa miaka kumi. Malupitalo ya vijijini, disipansari na materinite zilijengwa nchi nzima, na baadhi ya majengo hayo tunazalia ndani yake hadi leo, na nyufa zake. Wasichana Wakongo walisomeshwa kuwa wasaidizi wa uzalishaji. Wamisionari Wakatoliki, Wamethodisti, Waadventista wa Songa na Wapentekoste wa Burton na Salter, waliofika Mwanza mwaka 1915, nao walikuwa na wauguzi wao.

Hiyo ilikuwa kazi kubwa, hatuwezi kuikana. Lakini ulipofika uhuru mwaka 1960, nchi nzima haikuwa na daktari Mkongo aliyemaliza chuo kikuu. Madaktari wa Ulaya walipokimbia, majengo yalibaki na wauguzi, wazalishaji wachache, na wale wamama waliotandika vikwembe chini. Nani alishika usiku wa miaka ile ya vita na njaa? Waliobaki njo walioshika.

Matrone na sanduku lake

Baadaye dunia ilikumbuka kijiji. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulisema afya ianze kwa watu wenyewe. Zaïre ilikuwa kati ya nchi za mbele: mradi wa SANRU ulianza mwaka 1981 pamoja na Kanisa la Kristo, na kabla ya katikati ya miaka ile nchi iligawanywa katika maeneo ya afya 306, yale tunayoita zone de santé. Mwaka 1987, katika mkutano wa Nairobi, mashirika ya dunia yalianzisha juhudi ya uzazi salama. Kote Afrika wamama wa kijiji waliitwa, wakafundishwa kunawa mikono, kukata kitovu kwa wembe safi, kutuma mapema. Kwetu waliitwa matrone. Walirudi nyumbani na sanduku la vyombo.

Kilichokosekana ni mshahara. Iliaminiwa kwamba kijiji kitawalipa kama zamani, kwa kuku na unga. Lakini kijiji cha miaka ya 1980 hakikuwa tena kile cha zamani: vijana walikuwa wamekwenda mijini, na kila kitu, hata unga, kilitafuta makuta. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 wakubwa wa dunia walibadilisha tena mawazo. Walisema kufundisha matrone hakukupunguza vifo vya wamama kama walivyotumaini, hivyo fedha ziende kwa wazalishaji wenye diploma. Kwa upande wa damu na operesheni walikuwa na haki, kwa sababu matrone hawezi kuongeza mtu damu. Lakini walipomwondoa katika kazi ya kuzalisha, hawakumpa kazi ile nyingine aliyokuwa anaifanya siku zote, ya kusindikiza. Kazi mbili zilikuwa ndani ya mtu mmoja. Moja ikapewa diploma, ya pili ikatupwa pamoja na mwenyewe.

Deni linafunga mlango

Mwaka 1991 tulipora nchi yetu wenyewe, misaada ikakatwa, na vita vikafuata. Lupitalo liliachwa lijilishe kwa makuta ya mgonjwa. Hata wafanyakazi wa reli, ambao baba zao walizaliwa kwa posho ya kampuni, walikaa miaka bila mshahara kamili. Matokeo tunayajua: mama anazaa salama, halafu anabaki ndani sababu ya deni. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la Associated Press walipita katika malupitalo na vituo zaidi ya 20 mjini Lubumbashi, na karibu vyote, isipokuwa kimoja, vilikuwa vinashikilia wagonjwa wasioweza kulipa.

Mbele ya deni hilo, angalia tena kazi ya mama wa kusindikiza. Njo yeye anayetoka kukopa. Njo yeye anayepika bukari nje na kuileta, kwa sababu vituo vyetu havina jiko la wagonjwa. Anayekuja na jamaa kubwa na yenye makuta anapata wasindikizaji watatu. Binti wa miaka 17 aliyekimbiwa na bwana, mwanamke aliyekuja kwa mtumbwi kutoka visiwa vya Kisale, mkimbizi asiyejua mtu mjini, hao wanafika peke yao. Kwa hiyo kuacha kazi hii iwe ya bure ni kuigawa kwa kipimo cha ukoo na mfuko wa mtu. Aliye na watu anashikwa mgongo, asiye na watu anashika ukuta.

Mwezi wa tisa 2023, serikali ilianzisha mjini Kinshasa mpango wa kuzaa bure, na mfuko wa mshikamano wa afya ndio unaolipa vituo kwa kila tendo. Ni hatua kubwa, na mimi naisifu. Lakini soma orodha ya vitu vinavyolipwa: kupimwa mimba, kuzalisha, operesheni, kumwangalia mama na mtoto. Mama wa kusindikiza hayumo. Tumerudi palepale pa mwaka 1928, tunalipia kinachohesabika. Na wale reko wetu, wanaopita mlango kwa mlango, wanapata kitu siku za kampeni ya chanjo ya polio, ambayo Haut-Lomami inaijua sana tangu mlipuko wa 2017. Siku nyingine wanaambiwa: ni moyo wa kujitolea.

Je, huyo mama analeta tofauti?

Mtu anaweza kuniambia: ndugu, hiyo ni huruma, si afya. Basi tuangalie ushahidi.

Mwaka 1980, madaktari Sosa, Kennell, Klaus na wenzao walichapisha utafiti wa Guatemala. Wanawake waliojifungua mara ya kwanza waligawanywa: wengine waliachwa kama desturi ya lupitalo, wengine walikaa na mwanamke wa kuwasindikiza, ambaye hawakumjua mbele na ambaye hakuwa muuguzi. Uchungu wa hao wa pili ulikuwa mfupi kwa nusu na zaidi: karibu saa 9, dhidi ya saa 19. Utafiti ule ulikuwa mdogo. Wakarudia Houston, Marekani, na mwaka 1991 wakatoa hesabu: kwa walioachwa peke yao, 18 juu ya 100 walifanyiwa operesheni, na kwa waliosindikizwa ni 8. Mwaka 1999 Botswana ilijaribu kwa ndugu wa kike wa mzazi mwenyewe, na waliokuwa na ndugu yao walizaa kwa njia ya kawaida zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane walijumlisha tafiti 26 kutoka nchi 17, wanawake zaidi ya 15,000, na jibu lilikuwa lilelile: uchungu mfupi, operesheni chache, watoto wenye nguvu zaidi wanapotoka. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Dunia likapendekeza kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua.

Na kwetu? Uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulipata kwamba watoto 8 juu ya 10 walizaliwa katika kituo cha afya. Uchunguzi huohuo ulipata vifo vya wamama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Soma hesabu hizo mbili pamoja. Wamama wanafika kituoni, na bado wanakufa. Kwa mwaka 2023 mashirika ya Umoja wa Mataifa yanakadiria karibu wamama 19,000 nchini mwetu. Wengi wanakosa damu, dawa, umeme na daktari, na msindikizaji hawezi kujaza pengo hilo, nisidanganye mtu. Lakini kuna vifo vinavyoanza kwa kuchelewa: mama aliogopa kuja kwa sababu mara ya kwanza alitukanwa, au alivuja damu usiku na hakuna aliyemwona, au homa ilimshika siku ya nne nyumbani. Hapo jicho la pili linahitajika, na jicho la pili njo yeye.

Jirani zetu wameanza. Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilijaribu jambo hili katika vituo vya serikali: mzazi aje na mtu wake, na asiye na mtu apate msindikizaji wa zamu. Sikilizeni hilo la pili, maana njo haki yenyewe: asiye na ukoo naye anapata mkono. Kenya, mwaka 2023, ilitangaza wahamasishaji wa afya 100,000 wenye malipo ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Marekani, majimbo ya Oregon na Minnesota yalitangulia kulipa dula kwa bima ya maskini, lakini malipo ya mwanzo yalikuwa madogo sana na wengi hawakuingia. Hilo nalo ni somo: ukilipa kidogo mno, unapata karatasi tu.

Hesabu ya mtu wa shamba

Sasa nirudi kwenye kazi yangu. Kwetu mvua zinaanza mwezi wa tisa au wa kumi, na kuanzia hapo hadi Noeli hakuna siku ya kutupa. Mwanamke anayekesha na mzazi siku mbili katika mwezi wa kumi na moja anapoteza siku mbili za kupanda au za kupalilia, na mahindi hayamsubiri mtu. Mwezi wa tatu njaa itamwuliza siku zile alikuwa wapi. Kumwambia ajitolee ni kumwambia alipe afya ya jirani kwa chakula cha watoto wake. Hayo si makuta yasiyokuwapo. Yanatolewa kila siku, yanatolewa na wamama maskini, na hakuna anayeyaandika.

Tufanye hesabu. Wakubwa wa afya wanapanga kwa kukadiria kwamba wanaozaa kwa mwaka ni 4 juu ya 100 ya wakaaji. Eneo la kituo kimoja lenye watu 10,000 lina wazazi 400 kwa mwaka. Tukichagua wamama wanne, kila mmoja ana wazazi 100, yaani wawili kwa juma. Inawezekana. Sasa tuseme, kama mfano tu, kila mmoja analipwa franga 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka, wote wanne, ni franga 2,400,000. Gawanya kwa wakaaji: franga 240 kwa mtu mmoja, mwaka mzima. Yule anayesema hatuwezi, atuonyeshe hesabu yake.

Nani atie makuta hayo? Sioni sababu ya kungoja mradi mmoja wa wageni, maana tumekwisha kuona matrone walivyoachwa siku mradi ulipofunga mlango. Mfuko wa kuzaa bure unaweza kuandika usindikizaji kama sehemu ya kuzaa. Jimbo, ambalo lilizaliwa 2015 na lina zone de santé 16, linaweza kutia nusu kama kaunti za Kenya. Na sisi wenyewe tuna likelemba, tuna makanisa, tuna vyama vya wakulima ambavyo vinajua kukusanya gunia baada ya mavuno. Gunia nalo ni malipo.

Masharti matatu ningeyaweka. Wamama wa eneo wachague wenyewe msindikizaji wao, asiletwe na mkubwa. Mipaka ya kazi ijulikane: hapokei mtoto, hatoi dawa, anasindikiza, anaona, anaita. Na malipo yawe ya mwezi, yasihesabiwe kwa kila mzazi aliyemleta. Haut-Katanga ilijaribu kulipa vituo kwa hesabu ya wagonjwa, na watafiti Elise Huillery na Juliette Seban walipata kwamba wahudumu walijitahidi zaidi kuita watu, lakini watu hawakuongezeka, na fedha ziliposimama moyo wa kazi ulipungua. Ukilipa kichwa, mtu anatafuta kichwa. Tunataka mtu wa kukesha.

Najua kuna watakaosema makuta yataharibu huruma. Mbona hatumwambii hivyo daktari? Mbona hatukumwambia hivyo maalimu wa pamba? Ni kazi za wanawake tu ambazo tunaogopa zitachafuka kwa mshahara.

Wenzangu mliosoma uchumi, sheria, afya ya jamii: wengi wenu mnaandika miradi, na baadhi mnakaa katika ofisi zinazopitisha bajeti. Siku mtakapofungua karatasi ya mradi wa uzazi, mtaona mstari wa majengo, mstari wa magari, mstari wa mafunzo, mstari wa karamu ya kufungua. Tafuteni mstari wa mama wa kusindikiza. Kama haumo, andikeni. Na ninyi mnaoishi katika zone de santé nyingine, tuambieni hapo chini: kwenu, asiye na ndugu anazaa na nani?